Landrova Yangu na Maji ya Bamvua

Katika hafla ya kuniaga, afisa mmoja kijana, ambaye simtaji kwa kuwa bado ana safari ndefu katika utumishi, alisimama na kuwaambia waalikwa kwamba mimi nilihudumia vijiji vya delta ya Rufiji kwa kutumia "mkweche". Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa akinitazama. Lakini sikuridhika siku ile na sijaridhika hadi leo. Mkweche ni gari lisilo na mtu wa kulijali. Gari nililokuwa nalo mimi lilikuwa Landrova ya chesisi fupi, bodi ya aluminiamu, injini ya petroli ya silinda nne, na lilijaliwa kuliko baadhi ya watumishi niliowahi kuwafahamu. Nawaandikia maafisa afya vijana wa Kibiti ili kumbukumbu zikae sawa.

Vyeo vyangu sitavieleza. Faili langu lipo na ni nene vya kutosha. Kuhusu posho ya kilomita anayostahili mtumishi anayetumia gari lake binafsi kwa kazi ya umma, nilimwahidi mke wangu kwamba sitaandika neno. Ahadi hiyo nimeitimiza.

Niliripoti Kibiti nikitokea Tabora, wakati Kibiti haikuwa bado makao makuu ya wilaya yoyote. Ilikuwa mahali pa kushukia kwenye barabara ya Lindi, penye maduka machache, soko la nazi na korosho, na mchanga. Mchanga ule ndio ulionipokea. Basi letu lilizama kabla ya kufika, abiria tukateremka kusukuma, na nilipojitambulisha ofisini nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi, karani alidhani nimekuja kutafuta dawa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mzani wa kupimia watoto, jokofu la chanjo linalotumia mafuta ya taa, na meza ambayo ilibidi uiegemee ili isikuangukie. Nje, nyuma ya jengo, lilikuwapo gari la idara. Lilikuwa limewekwa juu ya mawe, halina magurudumu, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

"Hilo ndilo gari letu," karani aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kaburi la jamaa. "Mawili matatu yakipatikana, litakwenda."

"Mawili matatu yapi?"

"Magurudumu, Bwana Afya. Na betri. Na kilichokuwa ndani ya boneti."

Hivyo kliniki za mkoba za Mahege na Dimani nilizifanya kwa baiskeli, kisanduku cha chanjo kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Vijiji vya delta nilivifikia nilipobahatika kupata lori la kwenda kuchukua boriti. Msibahatishe chanjo na lori la boriti. Lori huondoka linapojaa, na barafu haisubiri.

Kisha zikaja zama za soko huria. Kila kilichokuwa kikihitaji kibali kikawa kinauzwa barabarani, mitumba ikatundikwa kwenye kila mkorosho, na serikali ikaanza kujipunguzia mizigo. Miongoni mwa mizigo hiyo lilikuwamo gari lile la kuku. Naomba ieleweke, kwa kuwa uvumi wa kinyume chake umeishi kuliko waliouanzisha: niliinunua Landrova ile mnadani, mchana, mbele ya watu, na mpinzani wangu pekee alikuwa bwana mmoja aliyetaka bodi yake ili atengeneze masufuria. Bei haimhusu mtu. Ilisukumwa hadi nyumbani kwangu na vijana wa soko, huku ikiimbiwa nyimbo ambazo mke wangu, Mama Tumaini, aliwataka wazikatishe walipokaribia uzio, kwa kuwa yeye ni mwalimu na baadhi ya waimbaji walikuwa wanafunzi wake.

Mama Tumaini aliizunguka mara moja. Akaniuliza, "Baba Tumaini, hii inakula nini?"

Swali lile lilijibiwa na Mwalimu Komba. Huyu alikuwa Mngoni, mwalimu wa ufundi katika shule ya sekondari, mtu mrefu, mkavu, mwenye dharau ya upole kwa kila kitu kisichofungwa kwa spana. Alikuja kuitazama Landrova jioni ileile bila kualikwa, akalala chali chini yake akiwa na shati jeupe, na aliposimama alitamka hukumu yake: "Ndugu yangu, injini ni nzima. Kilichokufa ni adabu ya waliokuwa wakiitumia."

Tulijenga banda la makuti kando ya jiko, na kwa msimu mzima wa masika banda lile ndilo lililokuwa chuo changu. Komba alikuwa mwalimu mkali. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtu asifungue bolti kabla ya kujua ataiweka wapi. Kwa sababu hiyo tulihitaji chombo kipana, na chombo kipana kilichokuwapo kilikuwa sinia la Mama Tumaini la kuandalia wali wa wageni. Bolti zilipangwa juu yake kwa mpangilio uleule wa mahali zilipotoka, kama wageni walioketishwa kwa heshima zao. Sinia halikurudi jikoni. Mama Tumaini alikuwa akilitaja katika sala ya jioni, kwa sauti, kati ya wagonjwa na wasafiri.

Nilijifunza kusugua platini, vile vibati vinavyotoa cheche ya kuwasha injini, kwa msasa laini na kupima nafasi yake. Nilijifunza kuzibua kabureta kwa petroli na unyoya wa kuku. Na naomba vijana wasicheke, kwani waya hupanua tundu na unyoya haupanui. Nilijifunza kwamba springi iliyolegea haikazwi, hubadilishwa. Kuhusu vipuri, hapo awali mtu aliandika barua mkoani na kuzeeka akisubiri. Sasa vilikuwa vimerundikwa Kariakoo kama nyanya, na vingi vilikuwa vya bandia. Gasketi ya kwanza ya kuziba injini niliyoinunua ilikuwa ya karatasi iliyopakwa rangi. Komba aliishika kwa vidole viwili.

"Hili ndilo soko huria," alisema. "Zamani ulikuwa huna gasketi. Sasa uko huru kuwa nayo na ukawa huna."

Siku injini ilipowaka, kuku wote wa jirani waliruka uzio mara moja. Moshi ulikuwa mwingi, na jirani yangu alitoka akiuliza kama tunachoma mkaa. Komba aliweka sikio kwenye boneti, akafumba macho, akatabasamu, akasema, "Inashukuru." Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo tena, ila siku alipostaafu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Barabara ya kwenda delta ilikuwa ikiishia mahali ambapo watu wa pale walipaita Bandarini, nami nitapaita vivyo hivyo. Kutoka hapo unaingia mtumbwi kwenda visiwani, katikati ya mikoko. Mitumbwi yote iliyotegemewa ilikuwa chini ya mtu mmoja, Fundi Salum Mbonde, Mndengereko, mjenzi wa vyombo, aliyenizidi umri kidogo. Bila Fundi Mbonde hapakuwa na kliniki visiwani. Hilo halikuandikwa popote, lakini lilijulikana. Afisa aliyekuwapo kabla yangu alikataa chakula nyumbani kwa fundi kwa kusema tumbo lake haliwezi pweza. Hakuna aliyemgombeza. Ila tangu siku ile, kila alipofika aliambiwa kwa heshima zote kwamba mtumbwi unavuja. Ulivuja hadi alipohamishwa. Kwa muda wote huo kina mama wa visiwani walikuwa wakizaa watoto wasiopata chanjo, na surua ilipopita haikuuliza nani alimkasirikia nani.

Nilikuwa nikilijua hilo nilipofika Bandarini na Landrova kwa mara ya kwanza. Fundi Mbonde aliacha tezo lake la kuchongea, akaja akaizunguka taratibu, akagonga bodi kwa kifundo cha kidole.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

"Marahaba, Mnyamwezi. Hiki chombo chako?"

"Changu."

"Hee! Wanyamwezi tuliwajua kwa kubeba mizigo kichwani mpaka pwani. Leo mnabebwa. Dunia imekwisha." Watu waliokuwapo wakaangua kicheko, nami nikamjibu kwamba babu zangu walibeba mizigo kwa sababu babu zake walikuwa wamelala. Kicheko kikaongezeka. Utani ule ndio uliotuunganisha.

Kisha akasema kwa sauti tofauti, ya mwenye nyumba: "Kwetu chombo mgeni huoshwa kabla mwenyewe hajala. Weye nenda visiwani. Ukirudi utakikuta kimeoshwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Niliporudi alasiri, Landrova ilikuwa inang'aa, imekauka, na sahani ya wali na samaki ilikuwa ikinisubiri. Nilishukuru sana. Tangu hapo kila nilipofika iliwekwa kando ya ua wa fundi, mimi nikaenda kuchanja, na niliporudi nikaikuta safi juu na chini. Gari langu halikupata mahali popote pengine heshima ya namna ile, hata Kibiti, ambako watu walikuwa wameanza kuona magari ya mtumba kutoka Japani na kuniuliza kwa huruma nitanunua lini "gari".

Basi fikirini mshangao wangu Mwalimu Komba aliponiita chini ya Landrova, kwenye banda letu, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Njoo uone."

Nilijilaza kando yake. Alikuwa ameshika bisibisi, akaielekeza kwenye mhimili wa chesisi, upande wa kushoto nyuma, akaisukuma kwa mkono mmoja. Iliingia kama kisu kwenye muhogo uliochemka.

"Bodi yako ni ya aluminiamu, itatuzika sisi sote," alisema. "Lakini chesisi ni chuma. Na chuma hiki kinaliwa."

"Ni mvua. Masika yamekuwa makali."

"Mvua inaanzia juu. Hii inaanzia kwenye pembe, mahali maji yanapotuama." Akakwangua unga mwekundu kwa ukucha, akaulamba. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mdomoni mwangu. "Onja."

"Mwalimu, mimi ni afisa afya."

"Onja, ndugu."

Nilionja. Ilikuwa chumvi.

"Umeipitisha baharini?" aliniuliza.

"Sijaipitisha hata kwenye dimbwi."

Tulipeleka gari kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na jenereta kando ya barabara kuu, akakata palipoliwa na kutu, akaweka viraka vya chuma kinene. Komba alikagua kila mshono na kukataa miwili. Aliponikabidhi ufunguo alisema: "Viraka hivi ni vya mwisho. Usipojua chumvi inatoka wapi, msimu ujao utakuwa unaendesha bodi."

Safari iliyofuata ya Bandarini, nilimwachia muuguzi niliyekuja naye kliniki ya kisiwani, nikabaki. Nilisema kichwa kinaniuma. Nilikaa kibarazani kwa fundi nikatazama, na nilichokiona ndicho hiki. Fundi Mbonde hakugusa gari asubuhi. Alikuwa akichonga ubao na kutupia macho kwenye mkondo. Zilikuwa siku za bamvua, maji yakijaa kuliko kawaida. Mto ule, kama mnavyojua au mnavyopaswa kujua, maji yake karibu na bahari huwa matamu yanapokupwa na huwa makali yanapojaa. Alisubiri yajae hadi mwisho. Ndipo alipokunja suruali, akachukua upo wake wa kukumbia maji mtumbwini na ndoo mbili, akaanza kuiosha Landrova kwa maji ya chumvi. Juu aliosha kwa haraka. Chini alilala kifudifudi, akarusha maji kwenye kila pembe ya chesisi kwa uangalifu wa mama anayemwogesha mtoto mchanga.

"Fundi," nilimwita, "kwa nini unasubiri yajae?"

Aliniangalia kwa kushangaa swali la kitoto. "Maji ya mto yanaozesha ubao, Bwana Afya. Mvua nayo vilevile. Chombo kinachotaka kuishi kinaoshwa kwa chumvi. Chumvi inafukuza uozo. Na siku za bamvua ndiyo makali hasa. Nawawekea wageni wangu hayo hayo." Akapiga chesisi kwa kiganja. "Chini ndiko chombo kinakoishi. Juu ni kwa macho ya watu."

Alichosema ni kweli tupu, kwa mtumbwi. Nilikula wali wake, nikaendesha hadi Kibiti nikiusikia kila mtikisiko wa chesisi kwenye meno yangu.

Mnaona mtego. Nikinyamaza, gari linakufa, na likifa narudi kwenye lori la boriti na barafu inayoyeyuka. Nikisema, namwambia mwenyeji wangu, mbele ya ua wake, kwamba heshima aliyonipa tangu siku ya kwanza ilikuwa sumu. Mtu aliyekataa pweza alivujiwa na mtumbwi hadi akahamishwa. Na zaidi ya kazi, niseme ukweli, nilikuwa nikimpenda mtu yule.

Nilijaribu njia za kiutumishi. Safari moja niliegesha mbali, chini ya mikorosho, nikasema naogopa kuziba njia ya watu. Aliwatuma wanawe wakalisukuma hadi uani. Nyingine nilisema nina haraka. Akasema haraka haizuii kuoga. Nyingine nilifika nimekwisha kuliosha Kibiti, nikamwonyesha. Alipitisha kidole chini ya mlango, akakitazama kidole, akanitazama mimi kwa masikitiko, akaenda kuchukua upo.

Nyumbani nilimweleza Mama Tumaini. Alikuwa akisahihisha madaftari na hakuinua kichwa.

"Mwambie."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, Baba Tumaini."

Nilimwambia. Naungama kwamba nilitayarisha maneno kama mtu anayewasilisha taarifa kwa kamati. Nilimkuta peke yake, akiziba mshono wa mashua kwa pamba, nikakaa chini mchangani, jambo ambalo silifanyi. Nilianza kwa kumshukuru kwa niaba yangu na kwa niaba ya idara. Nikaeleza tofauti ya ubao na chuma. Nikaeleza kwamba chumvi inayolinda mashua ndiyo inayokula chesisi. Nikasema kosa si la mtu. Niliposikia sauti yangu ikisema "kwa heshima na taadhima", nilinyamaza.

Fundi Mbonde hakuacha kugonga pamba hadi mshono ulipoisha. Kisha akaweka nyundo chini.

"Kwa hiyo muda wote huu, kila ulipokuja, mie nilikuwa nakiua chombo chako. Nawe ukarudi kwako ukakifunga viraka. Ukaja tena. Nikakiua tena."

"Hukujua, Fundi. Nami sikujua."

"Ulijua safari zilizopita. Uliegesha mikoroshoni." Hakuinua sauti. "Nilidhani labda nyumba yangu inakunukia."

Alisimama, akajikung'uta. "Chuma kinataka nini, basi?"

"Maji matamu kidogo, na kikauke. Kisha mafuta. Ningepata oili chafu ningekipaka, lakini madereva wa mabasi wanaiuza yote kwa watu wa kupaka nguzo za nyumba, mchwa wasile."

"Mtumbwi upo," alisema, akageuka kwenda ndani. "Nenda kachanje watoto."

Mtumbwi ulikuwapo, lakini aliyenivusha alikuwa mwanawe. Niliporudi Landrova ilikuwa vilevile nilivyoiacha, na vumbi lake. Wali ulikuwapo. Yeye hakuwapo. Safari iliyofuata niliambiwa Fundi yuko mikokoni. Iliyofuata tena, Fundi kaenda kisiwani, hatujui atarudi lini. Mtumbwi haukuvuja, hilo lazima liandikwe, kwa haki yake. Lakini hapakuwa na mtu wa kuniita Mnyamwezi, na nilianza kugundua jinsi njia ile ya mchanga ilivyo ndefu. Komba aliniuliza mbona sasa chesisi ni kavu na mimi ndiye ninayeonekana kuoza.

Ikapita miezi. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa bandani, nimelala chini ya gari nikikaza bolti za springi, nilipohisi harufu. Mimi nimefanya kazi ya afya ya jamii maisha yangu yote, nimekagua machinjio na vyoo vya stendi, na nasema kwa uhakika wa kitaalamu kwamba sijawahi kukutana na harufu kama ile. Ilitangulia. Baadaye nilisikia kengele ya baiskeli, na hodi.

Nilitoka nikiwa na grisi hadi viwikoni. Alikuwa Fundi Mbonde, katika kanzu iliyokunjwa hadi kiunoni, ameshikilia baiskeli iliyofungwa dumu kubwa nyuma. Alikuwa ametoka Bandarini hadi Kibiti kwa baiskeli kwenye mchanga ule. Baiskeli yenyewe ilikuwa imejaa tope la chumvi kutoka ukingo wa mto, hadi kwenye mnyororo.

Nilisema karibu, nikampa kiti kibarazani, nikampa maji ya kunywa. Nilichukua ndoo ya maji ya kisima, nikachukua kitambaa, nikapiga magoti mbele ya nyumba yangu, jirani wakitazama na waumini wakiendelea kupita kutoka kanisani, nikaanza kuiosha baiskeli ya Fundi Mbonde. Nilianza na chini.

Kisha akasema kutoka kibarazani:

"Hapo chini ya tandiko umepasahau."

Nikaosha chini ya tandiko.

"Na mnyororo. Huo nao ni chuma, Mnyamwezi, au ndiyo mnajali vya kwenu tu?"

Nikaosha mnyororo, nikaukausha, nikautia oili. Nilipomaliza niliuliza bila kugeuka: "Fundi, mbona ulipotea?"

"Safari ya kwanza nilikasirika," alisema. "Zilizofuata nilikuwa napika."

Aliinuka, akafungua kifuniko cha dumu, na jirani wakaingia ndani mwao. Yalikuwa mafuta ya papa, yale wanayoyapaka vyombo nje ili maji yasipenye. Papa mmoja ana ini moja, alinieleza, na visiwani siku zile hawakuvuliwa wengi. Alikuwa amezunguka kwa wavuvi kuomba maini, akayaozesha, akayapika, akayachuja. Mafuta hayo hayaharakishwi.

"Umesema chuma kinataka mafuta," alisema. "Mafuta siye tunayo."

Tukaingia wote chini ya Landrova, yeye kulia, mimi kushoto, kila mtu na kipande chake cha kumbi la nazi lililopondwa kama brashi. Alipaka kama alivyokuwa akiosha, kila pembe, kila tundu, hadi juu ya viraka, akiwalaani waliotengeneza chombo chenye kona nyingi hivyo. Matone yalituangukia machoni. Alinieleza kwamba yakikauka hushika kama ngozi, na kwamba paka wote wa Kibiti watakuwa wananisindikiza kazini. Kuhusu paka alisema kweli. Kuhusu mafuta pia: bisibisi ya Komba haikuingia tena.

Tukiwa bado chini niliona miguu ya Mama Tumaini ikitoka mlangoni. Ilisimama. Ilirudi ndani, na nikasikia madirisha ya nyumba yangu yakifungwa moja baada ya jingine, kwa nguvu, mbele na nyuma. Nikamwambia Fundi ajitayarishe kusikia. Miguu ikatoka tena, ikaja hadi bandani, na Mama Tumaini akainama kututazama, gauni la kanisani limefunikwa kwa kanga, kanga nyingine amejifunga puani.

"Shikamoo, Fundi," alisema ndani ya kanga.

"Marahaba, mwalimu."

Akanyoosha mkono kuelekea dumu. "Nipeni kumbi. Ni upande gani haujapakwa?"